Herufi Moja ya Tayari

Kiwanda cha maziwa kilikuwa na kompyuta moja na programu mbili zisizojuana. Ya kwanza, aliyoiandika fundi waliyemwita Bisibisi, ilijaza pakiti. Ya pili, ya shemeji yake, kaka wa mkewe, ilizifunga. Kilichoziunganisha ni ishara moja iliyotunzwa na kompyuta kwa jina. Ya kujaza ikimaliza huita jina lile; ya kufunga, iliyolala ikilisubiri, huamka na kufunga. Ukikosea jina kompyuta haikugombezi. Inakuundia ishara nyingine, kimya kimya, isiyosubiriwa na yeyote.

Jumatatu moja asubuhi pakiti zilijaa, hazikufungwa. Maziwa yakatiririka hadi mlangoni. Shemeji alimuuliza Bisibisi kama kuna alichogusa.

"Mimi? Sijagusa kitu. Yangu inajaza, si unaona? Angalia yako."

Kisha, mbele ya akina mama wa kupanga katoni, akaongeza, "Vyeti havizibi pakiti, shemeji."

Wakacheka. Meneja hakucheka. Alimwambia shemeji arudishe funguo kabla ya saa sita.

Bisibisi aliketi kwenye kompyuta airekebishe mwenyewe programu ya shemeji. Aliacha shule darasa la sita, kompyuta akajifunza kwa kugombana nayo, na hilo alilitangaza kama wengine wanavyotangaza shahada. Akashuka mstari kwa mstari mpaka penye jina la ishara. Limeandikwa: *tayali*. Pembeni yake, kwa maandishi ya kijivu, shemeji alikuwa amejiandikia: *Usibadilishe. Ndivyo shemeji anavyoandika.*

Bisibisi akaikumbuka Jumamosi.

Siku hiyo alikuwa akiipitia programu yake nyumbani, binti yake akachungulia, akasema, "Baba, ni tayari, siyo tayali." Aliona aibu, akaibadilisha herufi haraka kabla mtoto hajamwita mama yake aje aone. Aibu haikumpa nafasi ya kufikiri kwamba kama shemeji angekuwa ameandika *tayari*, mashine zisingesikilizana miaka miwili yote ile. Kumbe msomi alikuwa amelifuata kosa lake, akalitunza, asimwumbue.

Angeweza kurudisha ile L kwenye programu yake na kunyamaza. Hakuna aliyemwona. Kidole kilikuwa tayari juu ya herufi.

Aliinuka. Shemeji alikuwa mlangoni na boksi lake, funguo zimeshaingia mkononi mwa meneja.

"Kosa ni langu," Bisibisi alisema, kwa sauti ile ile aliyomtukania. "Nilikuwa naandika tayali. Jumamosi nikasahihisha yangu, sikumwambia. Asubuhi nikasema sijagusa kitu."

Mama mmoja alianza kucheka, mwenzake akamfinya. Meneja alizitazama funguo, akamrudishia shemeji.

Shemeji aliweka boksi chini. "Tuandike lipi sasa?"

"Lenye R. Futa na hayo maneno ya pembeni."

Shemeji akabadilisha herufi moja, akawasha. Desturi ya pale ni fundi kupaza sauti kabla mkanda unaopitisha pakiti haujaanza kwenda, ili watu watoe mikono. Bisibisi akavuta pumzi.

"Tayali!"

Pakiti zikaanza kufungwa, moja baada ya nyingine. Safari hii hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.