Peni ya Karabai

Mke wangu Dorika alisema mbele ya wageni: "Siku nitakayoweka dole gumba kwenye karatasi, mnizike jioni hiyohiyo."

Wageni wakacheka. Mimi sikucheka, maana namjua. Mjukuu wetu Vailet, tuliyemlea hapa Bagara tangu akiwa wa kubebwa mgongoni, alikuwa ametuambia kwamba kwenye ndoa yake mashahidi ni bibi na babu, na tutasaini kitabu cha kanisa mbele ya usharika mzima. Tatizo ni vidole vya Dorika. Baridi yabisi imevikunja, na mkono unatetemeka. Akishika peni ya plastiki inamponyoka, inabingirika chini ya kochi, naye anaisonya kana kwamba ndiyo yenye makosa.

Mtu mwingine angeweka dole gumba akaenda zake kula pilau. Lakini Dorika alikuwa mwalimu wa kisomo cha watu wazima kule Sigino, miaka ile ya sabini. Jioni tukitoka shamba tulikaa kwenye magogo, yeye anawasha karabai, anaipampu mpaka inavuma, halafu anaanza: a, e, i, o, u. Mimi nilikuwa kijana mwenye ndevu changa na kichwa kigumu. Siku ya kujiandikisha nikachovya dole kwenye wino, nikamwambia, "Dada, mimi hili linanitosha." Weee! Alilikamata hilo dole, akalifuta kwa pindo la kanga yake, akanitia kalamu mkononi. "Hili ni la kushikia kalamu. Kaza mkono, Amedeus, usinitie aibu." Kusoma nilijifunza kwa kumwogopa. Kumpenda kulikuja wiki hiyohiyo.

Basi nikamwahidi kumtengenezea peni nene, nzito, ya shaba, isiyomponyoka. Mimi ni seremala. Mashine yangu ya kukereza imetoa miguu ya vitanda vya nusu ya Babati, na waliozaliwa kwenye vitanda hivyo siku hizi wananiamkia. Mbao naijua. Shaba siijui hata kidogo. Nilianza na koki mbovu ya maji, nikaiendea na patasi kali kama ninavyoendea mninga. Loo! Patasi ikazama, koki ikachomoka, ikapita karibu na sikio langu na kutoboa kalenda ya kanisa ukutani. Nikampigia simu Aniceti, fundi wa vyuma pale karibu na stendi.

"Shikamoo, mzee. Hiyo patasi ina makali?"

"Marahaba. Inanyoa ndevu!"

"Ndiyo maana. Makali yanaing'ata shaba. Sugua ncha mpaka iwe bapa, punguza mwendo wa mashine, halafu kwaruza taratibu."

Ebo! Niue makali ya patasi niliyoinoa maisha yangu yote? Nilimkatia simu. Baada ya chai nikaenda kuisugua, roho inaniuma kweli. Na yule mtoto alikuwa sahihi, vumbi la njano likamwagika kama pumba za mahindi.

Ila koki ilikuwa fupi. Humu ndani kitu pekee cha shaba chenye urefu wa peni kilikuwa bomba la pampu ya ile karabai. Ilikaa juu ya kabati, haijawashwa tangu tuvute umeme, na Dorika bado anaifuta vumbi kila Jumamosi. Niliishusha, nikairudisha. Nikaishusha tena.

"Baba Felix," nikamsikia Dorika nyuma yangu, akiniita kwa jina la mwanetu, "unaizunguka hiyo taa kama paka aliyeona samaki. Kata."

"Mwalimu, nikishakata haiwaki tena."

"Na mimi nikishindwa kusaini, je?" Alikuwa analia. "Kata upesi, kabla sijaghairi."

Nilikata. Nikapigilia kijiti cha mninga ndani ya bomba, nikakitoboa katikati pa kupitisha mrija wa wino, nikafunga kwenye mashine. Nikiharibu, hakuna bomba jingine. Nilikwaruza kidogo, nikasimama, nikakwaruza tena. Nikaiona Sigino yote: mwanga mweupe usoni pa Dorika, wadudu wakigonga kioo, sisi wakulima tukiimba silabi kama watoto. Ikabidi nizime mashine, maana nilikuwa sioni. Jamani, tulikuwa vijana!

Siku ya ndoa, mchungaji, kijana mpole, aliitazama mikono ya Dorika, akamsogezea pedi ya wino. Alifanya kwa upendo. Dorika akaifunika, akatoa peni yake kwenye mkoba. Kwaya ikamaliza wimbo, ikaanza mwingine, yeye bado anaandika. Lakini peni haikumponyoka. Akaandika jina lake, akaandika na la baba yake, akaweka nukta.

Akanipa mimi. Shaba ilikuwa na joto la mkono wake. Nikainamia kitabu, machozi yakanijaa, mstari siuoni, mkono wangu unatetemeka kuliko wake. Mchungaji akaniangalia kwa huruma, akaifunua ile pedi na kuisogeza upande wangu.

Dorika akairudisha kwa kiwiko.

"Mchungaji, huyu nilimfundisha mwenyewe," akasema, na kanisa zima likasikia. "Kaza mkono, Amedeus. Usinitie aibu."