Kopo Lililotangulia Basi

Mimi nikiwa kwenye meza yangu ya ukaguzi sina shoga wala shemeji. Ukija na dawa, iwe kwenye boksi lake, iwe na cheti cha daktari, na uitaje mwenyewe kabla sijakuuliza. La sivyo inakwenda kwenye tanuri nyuma ya ofisi, ulie usilie. Wenzangu hapa mpakani wananiita Mama Tanuri, na mimi wala sinuni.

Ila siku hiyo roho ilikuwa juu. Mwanangu ana kifafa, vidonge vyake huku kwetu vimeadimika, na asubuhi nilikuwa nimempa cha mwisho. Mdogo wangu ndiye aliyekuwa anavileta kutoka ng'ambo ya daraja, kwa basi la mchana. Huyo tunamwita Kesho, kwa sababu ukimtuma leo, jibu lake ndilo hilo. Nilikuwa nimemfokea kwenye simu mpaka koo likakauka: boksi, cheti, usije ukaniaibisha kazini. Akacheka tu, akasema dada una maneno.

Basi likachelewa. Mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri, ukumbi mtupu, na Mjomba, mkaguzi mwenzangu ambaye kila mtu anamwita hivyo kwa umri wake, alikuwa chumba cha pili akipiga miayo. Nikainama kufuta meza. Nilipoinua kichwa, Kesho alikuwa amesimama mbele yangu.

Nilifurahi, halafu nikapandwa na hasira. Alikuwa amelowa chapachapa, shati limemganda mwilini, na mkononi ameshika kopo la maziwa ya unga lililozungushiwa selotepu. Kopo, jamani! Nikamuuliza kama hicho ndicho nilichomwagiza, na basi liko wapi. Akasema limebaki nyuma, yeye ametangulia. Mtu huyu tangu azaliwe hajawahi kuwahi hata chakula.

"Pokea, dada," akasema. "Mikono inaniishia nguvu."

Sasa ningepokeaje? Sheria yetu haimruhusu mkaguzi kugusa mzigo wa ndugu yake, anamwita mwenzake. Nikamwambia aliweke mezani na asubiri kama watu wengine. Akaliweka polepole. Ndipo nikaona sakafu. Maji yalikuwa yanamtiririka kwenye vidole, na chini ya miguu yake palikuwa pakavu kabisa. Nikageuka kumwita Mjomba, na sauti iliyonitoka sikuitambua.

Mjomba alipotokea, tulikuwepo mimi na kopo tu.

Akauliza nilikuwa nagombana na nani. Nikasema mdogo wangu. Akautazama mlango wa abiria: komeo lilikuwa limefungwa kwa ndani, kama alivyolifunga mwenyewe, maana hatufungui mpaka basi lifike. Kisha akanitazama mimi. Hakucheka, na hilo ndilo lililonitia hofu zaidi.

Akaikata selotepu. Nje kopo lilikuwa na tope la mtoni, ndani pakavu. Maboksi ya vidonge yamepangwa vizuri, hayajafunguliwa, na juu yake cheti chenye jina la mwanangu na muhuri wa daktari. Kesho alikuwa amenisikiliza, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Machozi yakanitoka palepale.

"Dawa haina kasoro," Mjomba akasema taratibu. "Lakini abiria yuko wapi? Kama yuko njiani, ndugu anaweza kumpokelea. Kama hayupo, dawa isiyo na mwenyewe ni ya tanuri. Wewe ndiye uliyenifundisha."

Dirishani watu walikuwa wanakimbia kuelekea darajani, wengine wamebeba kamba. Simu yangu ikaanza kulia mezani. Alikuwa wifi yangu, mke wa Kesho, ambaye hanipigii kamwe nikiwa kazini. Mjomba akaiokota anipe. Nikaichukua nikailaza kifudifudi, nikazunguka meza, nikasimama upande wa abiria, mahali ambapo sijawahi kusimama. Nikamwambia aniulize maswali yake.

"Mzigo huu ni wa nani?"

"Wa mdogo wangu."

"Ameupanga mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Yuko wapi?"

Simu ikanyamaza, ikaanza tena. Nilimwona mwanangu akilini, amelala sakafuni, anakakamaa, na mimi sina cha kumpa.

"Yuko njiani," nikasema. "Basi limechelewa. Gonga muhuri, Mjomba. Gonga kwanza, ndipo nipokee hiyo simu."

Akagonga. Nikalikumbatia kopo, bado lina baridi ya mto, nikaipokea simu.