Chumvi ya Kopo

Kwa miaka thelathini alikuwa mwalimu mkuu, na kustaafu hakukumwondolea ule ukuu. Nyumbani alibaki na mwanafunzi mmoja tu: mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao, seremala wa miaka hamsini na miwili ambaye yeye ndiye aliyemlea tangu mama alipofariki. Fundi huyo aliweza kuunga kabati zima bila msumari hata mmoja, lakini akiulizwa hali yake, dada yake mwalimu ndiye aliyejibu. Jirani akisema, "Umeamkaje, fundi?" dada alidakia, "Ameamka salama, miguu tu imevimba."

Miguu ilivimba kwa sababu ya figo, figo zilichakaa kwa sababu ya presha, na presha yenyewe ilikuwa na kichwa kigumu. Fundi alimeza dawa aina nne kila siku, na bado kipimo kilisoma mia na tisini. Kliniki walimshuku kwamba hamezi. Mwalimu aliwaka! Kila asubuhi alikuwa akimsimamia mtu mzima yule, afungue mdomo, ainue ulimi, kama mtoto aliyeiba sukari.

Mpaka akaja daktari mpya, mwanamke wa maneno machache, akaagiza kipimo cha damu ambacho kwa miaka sita hakuna aliyekikumbuka. Tezi zilizo juu ya figo zilikuwa zikimwaga homoni kupita kiasi, na homoni hiyo huufanya mwili ung'ang'anie chumvi na maji.

"Kidonge cha kuizuia kipo," daktari alisema. "Shida yake ni kwamba kinapandisha potasiamu kwenye damu, na figo zilizochoka hazina nguvu ya kuitoa. Ikizidi, moyo unaweza kusimama. Tutaanza na nusu, tukimpima damu mara kwa mara. Presha ikikubali, figo zilizobaki tunaziokoa, haendi kwenye mashine ya kusafisha damu."

Wiki ya kwanza damu ilikuwa salama. Wiki ya tatu presha ikasoma mia na thelathini na mbili. Fundi akarudi kwenye karakana yake na kuanza meza ya chakula aliyomwahidi dada yake miaka mingi. Mwalimu alijifungia jikoni akalia kwa furaha, kisha akafuta machozi na kuona kwamba yeye bado hajafanya vya kutosha. Huo ndio uliokuwa ugonjwa wake, na wala haukuwa na kidonge.

Akaenda dukani, akarudi na kopo jeupe lenye picha ya moyo mwekundu: chumvi ya watu wa presha, isiyo na sodiamu. Ile ya kawaida akaitupa.

"Sasa utakula kitu chenye ladha, mdogo wangu."

Fundi, maskini, alikuwa amekula mboga chapwa kwa miezi. Alijinyunyizia bila huruma, na dada akaketi kumtazama, moyo umemtulia.

Wiki ya sita potasiamu ilikuwa imepanda vibaya. Daktari alimgeukia fundi. "Unakula nini siku hizi?"

"Ndizi hali," mwalimu akajibu. "Maharage hali. Orodha yenu ya vyakula vilivyokatazwa nimeibandika ukutani."

"Na chumvi?"

"Hata punje haipo nyumbani kwangu."

Fundi akainua mkono kidogo, kama anayeomba ruhusa darasani. "Ila kuna ile ya kopo..."

"Hebu nyamaza! Huoni daktari ana foleni huko nje?"

Daktari akamtazama fundi. Fundi akatazama viatu vyake.

Wakamlaza siku nne, akala chakula cha hospitali, potasiamu ikashuka. Basi lawama zote zikaangukia kidonge. Kwenye faili kukaandikwa kwa wino mwekundu: asipewe tena. Presha ikapanda kama awali, na kabla ya mwaka kwisha figo zikakata tamaa. Meza ilibaki na miguu mitatu.

Fundi alipoanza mashine, mara tatu kwa wiki, mtaalamu wa lishe aliomba aletewe kila kinachotumika jikoni. Mwalimu akapanga kikapu vizuri, kopo akaliweka juu kabisa ili lionekane.

Yule bwana aliligeuza mkononi. "Mama, hii ameanza lini?"

Alimtajia mpaka siku. Yeye hakuwa mtu wa kusahau tarehe.

"Hii karibu yote ni potasiamu," bwana alisema taratibu, akamwonyesha maandishi madogo ubavuni. Mwalimu akavaa miwani. *Wagonjwa wa figo wasitumie bila idhini ya daktari.* Miaka thelathini alikuwa amewapigia watoto wa watu kelele wasome swali kabla ya kujibu.

"Kwa hiyo kile kidonge..."

"Bila hili kopo, pengine angekuwa anakimeza mpaka leo."

"Basi arudishiwe!"

"Figo zimeshakwenda, mama."

Alimkuta mdogo wake kwenye kiti, damu ikizunguka kwenye mipira. Akasimama mbele yake.

"Siku ile ulitaka kusema habari ya kopo."

"Ndiyo, dada."

"Mbona hukusema?"

"Si uliniambia ninyamaze."

Alisema hivyo bila kinyongo hata chembe, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Angalau angemtukana.

Muuguzi akaja na fomu yake. "Haya fundi, leo unajisikiaje?"

Fundi akamgeukia dada yake, akasubiri amjibie.