Nyota Waliochelewa Kliniki

Mchana wa Alhamisi, ukungu wa Makete ukiwa umeziba madirisha, Sekela Mwambipile aliota kwamba nyota wamepanga foleni kliniki wakisubiri kupimwa uzito.

Kwake yeye mchana ndio ulikuwa wa kulala. Alikuwa mwanafunzi wa uzamivu, na tangu mwaka juzi amekuwa akikesha kwenye darubini ya chuo, juu ya kilima, akizitazama nyota mbili zinazozungukana. Kutoka huku kwetu huonekana kama nukta moja. Ila moja ikipita mbele ya mwenzake, mwanga hupungua, kisha hurudi. Kupatwa huko kuna saa zake, na Sekela alizijua. Tatizo, nyota zake zilikuwa zimeanza kuchelewa.

"Saa ya mtambo wako ina kasoro," Profesa Mgimba, msimamizi wake, alimwambia asubuhi hiyo kwenye simu. "Vipimo vilivyochelewa futa vyote. Jioni nitumie vilivyo safi, la sivyo darubini nampa mwingine."

Sekela alijibu sawa Profesa, akapanda kitandani na soksi zake, akalala.

Kliniki yenyewe ni ya watoto. Mizani inaning'inia kwenye boriti, na chini yake ile kaptula ya turubai ya kumwekea mtoto. Nyota mmoja mweupe, mkubwa, anayeumiza macho, anajipenyeza ndani ya kaptula. Mshale hausogei.

"Andika mzito," nyota anasema.

"Una mwenza?" mizani inauliza.

"Sina. Sijawahi kuwa naye."

"Basi sikupimi. Unang'aa, mzee wangu, sikatai, lakini kung'aa si uzito. Asiye na wa kuvutana naye mimi namkisia tu. Anayefuata!"

Nyota mweupe anashuka, anawashukuru wote, anatoka. Sekela anaona huduma ni nzuri.

Wanaofuata wanaingia wawili, na moyo wa Sekela unaruka, maana anawajua. Ni wale wake. Mmoja wa samawati, mwingine rangi ya chungwa. Wanazungukana kama watu waliokutana mlangoni, kila mmoja akimwambia mwenzake tangulia wewe. Wa rangi ya chungwa anapopita mbele, kliniki inakuwa nusu giza, na sauti ya nesi anayeita majina inashuka mpaka mnong'ono. Akishapita, mwanga unarudi, na nesi anamalizia maneno yake kwa kelele.

"Upo?" anauliza wa mbele.

"Nipo," anajibu wa nyuma. "Umenifunika tu."

Muda wote ule Sekela alikuwa amewajua kama nukta. Hakuwahi kudhani wanaulizana hali. Anasimama pale, kidaftari cha kliniki cha mtoto asiye wake mkononi, na hawezi kuondoa macho. Mizani inatetemeka kwa raha. Inasoma uzito wa huyu, uzito wa yule, hata upana wa viuno vyao, na hakuna aliyewafunga futi kamba.

"Yote hayo kwa kufunikana tu?" Sekela anauliza.

"Kwa kufunikana tu," mizani inajibu. "Wengine wote wananichosha. Hawa nawapenda."

Saa ya ukutani inakohoa. "Wamechelewa," inasema. "Na asinisingizie mtu."

Hapo kliniki inageuka ukumbi wa mihadhara. Profesa Mgimba amekaa juu ya kabati na joho lake, miguu inaning'inia. Anamrushia Sekela kifutio.

"Futa."

Sekela anafuta alama ya kwanza ya vipimo vyake ubaoni. Bega la nyota wa rangi ya chungwa linatoweka.

"Samahani," Sekela anasema.

"Haidhuru," nyota anajibu. "Ila hilo nilikuwa nalitumia."

Kifutio kinamlemea Sekela mkononi. "Mbona mlichelewa jamani? Mlikuwa wapi?"

"Hatukuchelewa," anasema wa samawati. "Tulipishana saa ileile. Ila tulikuwa tumevutwa upande wa mbali, na mwanga ukawa na safari ndefu zaidi kukufikia."

"Mmevutwa na nani?"

Wanataka kutazamana, lakini mmoja yuko nyuma. "Tuna mdogo wetu," wanasema pamoja.

Mlango wa ukumbi unafungukia jikoni. Nyuma ya jiko amekaa nyota mdogo, mwekundu wa kufifia, kama kaa lililosahauliwa kwenye majivu.

"Karibu, dada," anasema. "Utanisamehe giza."

"Wewe ndiye unayewavuta?"

"Kidogo. Zaidi ya hapo siwezi. Nao wananivuta mimi. Hakuna aliyewahi kuniona, dada. Kujulikana kwangu ni kule wao kuonekana wamechelewa. Ukifuta kuchelewa huko, na mimi basi."

Mdogo namna hii, na amewayumbisha majitu mawili bila hata kupandisha sauti! "Sifuti," Sekela anasema, na kifutio anakitia motoni. Kinaungua vizuri.

Wanamsindikiza nyumbani wote watatu. Sekela yuko kitandani tayari. Wao wamebaki nje, wameegemeza vipaji vya uso kwenye kioo cha dirisha wamwone anavyoishi.

"Kumbe ni wadogo hivi," anasema wa samawati.

"Na wanatupima kutoka hapa!" anasema yule mdogo. "Wanastahili sifa."

Sekela aliamka. Hakunawa hata uso. Alikwenda mezani, akafungua kompyuta, akavipanga vipimo vyote alivyoambiwa afute. Kuchelewa kulikuwa kumeongezeka polepole, kukafika kilele, na sasa kulianza kupungua, polepole vilevile. Saa mbovu haina nidhamu hiyo. Akapiga simu.

"Shikamoo, Profesa. Sikufuta."

"Marahaba. Kwa sababu gani?"

"Kuna wa tatu. Anawavuta."

Sekela akasikia kiti kikisogezwa upande wa pili. "Nitumie vyote," Profesa alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetafuta miwani. "Vyote, Sekela. Na darubini usimwachie mtu."

Mama Tuntufye, mpishi wa nyumba ya watafiti, aliingia na uji. Alimkuta Sekela anacheka peke yake. Akaweka kikombe mezani, akageukia dirisha, akakunja uso.

"Mwanangu, nani ameegemeza vyungu vya moto kwenye kioo?"

Sekela akatazama. Ukungu ulikuwa umefunika kioo chote, isipokuwa miviringo mitatu iliyokauka: miwili mikubwa imegusana, na mmoja mdogo kando yake. Akainuka, akaweka kiganja juu ya ule mdogo. Ulikuwa bado una joto.