Nyumba Aliyozaliwa Irmtraud

Frankfurt wamejenga upya mji mkongwe ulioteketezwa na mabomu wakati wa vita. Dada yangu Irmtraud, mwenye miaka themanini na sita, alitaka kitu kimoja tu: kukiona tena chumba alichozaliwa.

Tuliikuta nyumba yetu imesimama, imesuguliwa kama sahani ya harusi. Kila kengele mlangoni ilikuwa na jina la mwenyeji, letu halimo. Dada akabonyeza ya juu.

"Nani?" mwanamke akauliza kwenye spika.

"Nilizaliwa humu, mwanangu. Nifungulie."

"Bibi wee! Nyumba hii ina miaka sita tu."

"Mama yangu alifia humo chini, tulikojificha."

"Chini ni maegesho ya magari, bibi."

Spika ikazimika. Dada hakuondoa kidole kwenye kengele. Nilimvuta mkono, maana watalii walishaanza kumpiga picha.