Ini la Mlevi

Obdulia alimnusa bintiye mdomo kwa mara ya tatu tangu asubuhi, akakuta harufu ya maharage na dawa ya meno. Hakuridhika. Marehemu mumewe, Refugio, alikuwa akitafuna mnanaa hadi ulimi unageuka kijani, kumbe ameshautwika zamani.

Yote yalianza Jumanne, kliniki. Daktari Zertuche, mama mmoja mwenye sauti ya upole, alimlaza binti huyo, Itzayana, kitandani, akampaka ute wa baridi ubavuni, akamwekea kifaa kilichomgonga taratibu kama mtu anayebisha hodi. Hakuna sindano, hakuna kisu. Msichana wa miaka kumi na minne, kilo tisini na moja, akawa anacheka kwa kutekenywa. Kisha daktari akasoma tarakimu kwenye kioo cha mashine.

"Ini lina mafuta mengi, mama. Na limeanza kukakamaa kidogo. Sasa, kinachosababisha..."

"Habari za ini nazijua, daktari. Nimemzika mume kwa ini."

Akabeba mkoba wake akatoka, binti kamwacha nyuma akijifuta ule ute.

Mtaani kwao Puebla, huko Meksiko, ini ni ugonjwa wa walevi, basi. Obdulia akapekua begi la shule, akainua godoro, akachungulia hata ndani ya tangi la choo, alikokuwa akificha chupa Refugio. Hakuona kitu, na kutoona kitu kukamzidishia shaka. Mtoto huyu ni fundi kumshinda baba yake!

"Mama, mimi sinywi."

"Baba yako naye alikuwa hanywi. Kafa hanywi hivyo hivyo."

Jumamosi akamburuta hadi parokiani kula kiapo. Huko ndiko wanaume wa mtaa humwahidi Bikira Maria wa Guadalupe kwamba hawatagusa kileo, miezi sita au mwaka, na padri huwaandikia kadi ya kutembea nayo mfukoni. Kwenye foleni walikuwapo madereva wawili wa malori na mwashi mmoja mwenye macho mekundu. Mwashi akamtazama Itzayana juu hadi chini.

"Mapema hivi, binti? Sisi wenzako tulisubiri angalau ndevu."

Foleni ikaangua kicheko. Itzayana akainamisha uso, machozi yakamdondoka. Obdulia aliyaona, na moyo ulimuuma hasa, lakini akajikaza. Afadhali huyu alie leo kuliko yeye kumlilia kaburini.

Zamu yao ikafika. Padri Anselmo akavuta kadi mpya, akashika kalamu.

"Unakunywa nini, mwanangu?"

"Soda, padri."

"Usimletee padri mzaha wewe!"

"Mwache aseme, mama. Soda kiasi gani?"

"Chupa ya lita tatu kwa siku, mimi na mama. Asubuhi na tamali za unga wa mahindi, mchana, jioni. Ananipa tangu nanyonya chupa. Anasema nikishiba hii tamu, sitaitamani ile ya baba. Kumbe ndiyo inayoniumiza ini."

Obdulia akamgeukia bintiye. Ni kweli, aliyasema hayo, tena kwa majivuno, mbele ya majirani. Siku nne amepindua nyumba nzima akitafuta chupa, na chupa iko katikati ya meza, kaiweka mwenyewe. Aibu ikamshika, akakaa kwenye benchi bila kukaribishwa.

"Nani kakwambia ni soda?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Daktari, ulipotoka. Alisema sukari inageuka mafuta, yanajazana kwenye ini. Hata kwa mtu ambaye hajawahi kuonja pombe."

"Na hukuniambia?"

"Nilianza kukwambia kwenye basi. Ukasema ninyamaze, walevi wote wana maneno."

Padri akaweka kalamu chini.

"Alisema nini kingine?" Obdulia alimkamata binti mkono. "Niambie yote. Utakufa?"

"Hapana, mama. Alisema linapona. Alikuita urudi akwambie, ukawa umeshafika barabarani."