Makosa Tisa ya Gari la Tarsis

Elisaria alikuwa fundi umeme wa magari pale Mchafukoge, na Tarsis alikuwa rafiki yake tangu walipokuja Dar pamoja kutoka Rombo. Tarsis alipofariki, gari lake lilikaa miezi mitano uani kwake Magomeni bila kuwashwa. Kisha mjane wake, Mektilda, akampigia Elisaria simu. Gari halitaki kuwaka.

Elisaria alifika siku hiyohiyo, ana haraka, mteja mwingine anamsubiri. Akawasha taa za mbele, zikawaka. Akaona betri ni nzima. Alipochomeka mashine ya kupimia, ikaorodhesha makosa tisa: giaboksi, breki, usukani, hata kompyuta ya gari yenyewe.

"Shemeji, sitakudanganya," alisema. "Kompyuta imekufa, na giaboksi iko njiani. Liuze tu."

Mektilda aliitikia kwa kichwa. Wiki ileile akaliuza kwa mchuuzi wa spea, eneo la Gerezani.

Siku kumi baadaye Elisaria aliletewa gari jingine lililolala muda mrefu. Mashine ikatoa orodha karibu ileile. Akalikumbuka gari la Tarsis. Akachukua mita ya volti, akapima betri huku mwenye gari akipiga stata: volti zikaanguka kutoka kumi na mbili hadi saba. Taa hula umeme kidogo, lakini stata, inayozungusha injini, hula mwingi, na kompyuta za gari zikikosa umeme huripoti magonjwa yasiyokuwepo. Akafunga betri mpya, akafuta makosa, akawasha. Halikurudi kosa hata moja.

Alikwenda Gerezani bila hata kunawa mikono. Alikuta milango ya gari la Tarsis imeegemezwa ukutani. Injini ilikwisha safirishwa Mbeya.

Angeweza kunyamaza. Alitembea mpaka Mtaa wa Kongo, Mektilda anakouza mapazia, akamweleza yote.

Mektilda aliendelea kukunja kitambaa. "Kwa hiyo ni betri."

"Betri tu, shemeji. Sikuipima."

"Lingewaka."

"Lingewaka siku ileile."

Mteja akauliza kama kuna pazia la kijani. Mektilda akamkatia mita tatu, akamfungia vizuri. Kisha akakaa kwenye kigoda.

"Lilikuwa bado linanukia yeye," alisema. "Kila Jumapili kabla ya misa nilikuwa naingia, nafunga mlango, nakaa. Uliposema limekufa, niliona aibu kuling'ang'ania. Binti yetu alipouliza liko wapi, nikamwambia gari la baba nalo limekufa. Alilia kuliko siku ya mazishi."

Elisaria alitazama mikono yake, bado ina grisi.

"Nenda kazini, fundi," Mektilda akasema, kwa upole. Miaka yote naye alikuwa akimwita shemeji.

Aliondoka. Alipofika bustani ya Mnazi Mmoja akakaa kwenye nyasi mpaka adhana ya alasiri, ndipo akarudi gereji.